Padri Aliyebariki kwa Kushoto

Naomba mnisikilize bila kucheka, na kama ni lazima mcheke basi geukeni pembeni kwanza, kwa sababu jambo hili nimewaficha watu wa ofisini kwetu mwaka mzima, na hata leo nikikaribia parokia yetu napunguza mwendo kwanza nione nani amesimama pale mlangoni. Mmesikia habari za kile kikwembe, yaani kitenge, cha yubile? Kile ambacho akina maman walikivaa asubuhi kwa vigelegele na kufika mchana kila mmoja anatafuta sweta ya kukifunika? Basi yule maman aliyeichora ile picha iliyo juu yake ni mimi. Aibu ni yangu peke yangu, sina wa kugawana naye, ingawa nilijaribu kumpata wa kugawana naye, na hapo ndipo dhambi yenyewe ilipo.

Mimi ni Maman Neema, sekretari kwenye shirika moja huku Bukavu, mtaa wa Nguba, nakaa Nyalukemba, mtu wa kanisa na wa chama cha akina maman. Kaka yangu aliyeko Ubelgiji alimtumia binti yangu Neema tableti yenye kalamu yake, Neema akaichezea wiki mbili, akaenda zake Kinshasa kusoma na kuniachia ile tableti pamoja na kalamu, akasema mambo ya kuchora yamemshinda. Mimi nikaiwasha tu nione kama bado inafanya kazi. Nikakuta video za mafunzo, mwalimu mmoja anayeongea Kifaransa cha mbio, uso wake hauonekani hata siku moja, unaona mkono tu (nikampa jina Mwalimu Mkono, na mume wangu akaanza kumwonea wivu), na ule mkono unapaka rangi kwenye kioo cha tableti mpaka tofaa linatoka linang'aa unatamani kuling'ata. Nikasema na mimi nijaribu. Matofaa yangu tisa ya kwanza yalikuwa viazi, lakini la kumi lilikuwa tofaa kabisa, na tangu siku hiyo sikulala vizuri kwa furaha.

Kila saa ya mapumziko nilikuwa nakaa kwenye kona karibu na wifi ya ofisi, visikilizio masikioni, daftari mbele yangu, natikisa kichwa na kuandika, wenzangu wakidhani nafuata mafunzo ya kuandika ripoti (mkubwa wangu alinisifu mbele ya wote kwa bidii hiyo, nami nikanyamaza, ona basi nilivyoanza mapema). Nikajifunza kwamba unapaka kila kitu kwenye tabaka lake, nywele mbali, uso mbali, nguo mbali, ukikosea unafuta tabaka moja na mengine yanabaki. Nikajifunza kwamba ukigonga kioo kwa vidole viwili, kosa ulilofanya sasa hivi linafutika. Na somo ambalo Mwalimu Mkono alilirudia kila video lilikuwa hili: jicho likizoea picha halioni tena kasoro zake, kwa hiyo kila baada ya muda uigeuze, kulia kuwe kushoto kama kwenye kioo cha kujitazamia, na papo hapo utaona jicho lililopanda na mdomo ulioenda upande. Unarekebisha, halafu unairudisha ilivyokuwa. Hilo neno la kuirudisha aliliongea haraka sana.

Miezi minne hivi nikawa nimeshamchora mume wangu (akasema nimempa pua ya mdogo wake), nimewachora majirani, nikaanza kutuma kazi zangu kwenye kikundi cha simu cha akina maman, na wao wakanijibu kwa vidole gumba na maua mpaka kichwa kikavimba. Sisemi walikosea kunisifu. Nasema tu kwamba sifa ni kitu cha kuonja, na mimi nilikunywa kwa jagi.

Ndipo ikaja yubile ya Padri Deo, miaka ishirini na mitano ya upadri. Kwetu Bukavu yubile bila kikwembe chenye uso wa mwenye sikukuu si yubile, ni misa ya kawaida tu yenye chakula kingi. Kwenye mkutano wa chama Maman Présidente, mwenyekiti wetu, alisema picha ya Padri apelekewe Papa Zihindula kama siku zote. Papa Zihindula ni mchoraji wa vibao, ana kibanda chake njiani pale watu wanapoteremkia sokoni, na mkono wake uko kila mahali mjini: vinyozi, famasi, mafundi cherehani, hata zile picha za njia ya msalaba ukutani mwa kanisa letu alizichora yeye, kwa brashi, juu ya mbao. Mimi nikanyanyua mkono. Nilikuwa nimekaa vizuri, nimekunywa chai yangu, hakuna aliyeniuliza kitu, na nikanyanyua mkono.

Nikasema nitaifanya mimi, kwa njia ya kisasa. Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini nikaongeza kwamba watu wa Papa Zihindula wote wanafanana, wote wana kichwa cha pale kwa kinyozi. Akina maman wakacheka sana, nami nikaona nimekuwa mtu wa maana. Neno hilo lilimfikia mwenyewe kabla sijafika nyumbani, maana Bukavu ni vilima vingi lakini maneno hayachoki kupanda.

Hakukasirika. Jumapili iliyofuata alinisubiri baada ya misa, kofia mkononi, kucha zake zina rangi ya bluu, akaniambia: «Maman, wakati utamaliza unionyeshe kidogo. Jicho ya pili inasaidiaka.»

Na mimi, mwenye matofaa kumi na uso wa mume wangu wenye pua ya shemeji, nikamjibu mtu aliyechora miaka zaidi ya thelathini: «Papa, hii ya digital iko kitu ingine kabisa. Hautaielewa.»

Akasema haya, hakuna shida, akavaa kofia yake. Hilo jibu langu mpaka leo linanijia nikiwa naosha vyombo, na naacha kuosha.

Nikafanya kazi wiki tatu. Nilichukua picha ya simu ya siku ya Pentekoste, Padri amesimama mbele ya altare, ameinua mkono wa kulia anabariki watu, saa yake iko kwenye mkono wa kushoto, anatabasamu kidogo. Nilimchora kwa upendo, sitasema uongo kwenye hili. Meno yalinichukua siku nne. Saa nilitaka kuiwekea namba, zikanishinda, nikaacha mishale tu (ningeziweka zile namba labda zingeniokoa, kwa sababu zingekuwa zinasomeka kinyumenyume na hata mimi ningestuka). Nilikuwa naigeuza na kuirudisha, naigeuza na kuirudisha, kama nilivyofundishwa.

Sasa, kiwanda kinachochapa vitambaa kiko upande wa pili wa mpaka, na anayekijua ni Papa Zihindula, kwa sababu kila mwezi anavuka kununua rangi zake na vikwembe vyote vya zamani alivipeleka yeye. Kwa hiyo yeye huyohuyo niliyemnyang'anya kazi ndiye akaombwa aibebe. Siku ile ilikuwa Jumamosi, alikuwa aondoke saa tisa mchana, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na betri ya tableti yangu ilibakiza moto kidogo sana. Saa nane na nusu nikaigeuza picha kwa mara ya mwisho, nikaona sikio moja liko juu kuliko jingine. Nikalishusha. Nikatazama: sikio sawa, meno sawa, ni yeye mwenyewe Padri Deo. Nikaandika jina langu kwa herufi ndogo za dhahabu chini ya kiwiko, vizuri, linasomeka, nikahifadhi kila kitu kwenye flashi na tableti ikazima mkononi mwangu. Hapo nikamshukuru Mungu kwa kuwa niliwahi. Sikuirudisha, na sikujua kwamba sikuirudisha, kwa sababu jicho langu lilikuwa limeshaizoea vile ilivyogeuka.

Flashi nikaitia kwenye bahasha, na bahasha nikaizungushia utepe wa gundi mara tatu ili Papa Zihindula asije akaifungua njiani na kutazama. Alipoipokea aliigeuza mkononi, akaona ile gundi yote, akatabasamu, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Vitambaa vilipofika hakuna aliyeona kitu. Mtaniuliza inawezekanaje, macho ya akina maman wote wale na mafundi wao, na mimi nimelifikiria jambo hili mpaka nikapata jibu: kila mmoja wetu alivaa, akaenda mbele ya kioo kujitazama, na kwenye kioo Padri akawa anabariki kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa. Na mimi pia nilisimama mbele ya kioo cha kabati letu, nikamwona Padri kifuani kwangu, nikalia machozi ya furaha, mume wangu akasema «iko yeye kabisa», na tukatoka kwenda kanisani siku ya yubile.

Nilikaa mstari wa pili. Mstari wa kwanza alikaa mama yake Padri, wote tunamwita Koko, bibi aliyeletwa kutoka kijijini na wajukuu, masikio yake yamechoka kwa hiyo anaongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Alivaa libaya, blauzi yake mpya yenye uso wa mwanawe, amenyooka, anapendeza. Nyuma yetu kulikuwa na waumini waliokuja kutoka Sange, parokia ya kwanza ya Padri. Kwaya ikaimba, Padri akafika mbele ya altare, akatugeukia, akainua mkono wa kulia. Na sisi, kifua kwa kifua, karibu mia mbili, tukawa tunamrudishia kushoto.

Koko aligeuka nyuma ili awaone watu wote waliomvaa mtoto wake. Nilimwona anatabasamu, halafu nikamwona anaacha. Akatazama maman wa kwanza, wa pili, wa tatu, akajitazama mwenyewe, akainua mikono yake miwili mbele ya macho akiilinganisha. Kwaya ilikuwa imenyamaza. Akauliza, kanisa zima likasikia: «Juu ya nini mutoto yangu anabariki batu na mukono ya kushoto?»

Nyinyi mnajua. Kwetu mtu hampi mwenzake hata chumvi kwa mkono wa kushoto, ukimsalimia mzee kwa kushoto wanauliza umelelewa wapi, na ninyi fikirini sasa baraka. Baraka ya padri, siku ya yubile yake, mbele ya mama yake. Nilisikia vitambaa vinasuguana, ni watu wanageuka kutazamana vifua. Mimi nilijua palepale, kabla Koko hajafunga mdomo. Niliiona ile Jumamosi, lile sikio, ile tableti inazima. Na mkono wangu, naapa sikuutuma, ukaanza kugonga paja langu kwa vidole viwili, gonga gonga, kama vile kosa lingefutika.

Misa iliendelea. Padri alifanya kama hajasikia, lakini kila alipoinua mkono watu walitazama mkono, wakatazama kifua cha jirani. Wengine walijifunika kwa vitabu vya nyimbo, wengine kwa mikoba. Kwenye maandamano ya matoleo akina maman walikumbatia kuku vifuani jinsi ambavyo sijawahi kuona kuku wakikumbatiwa, na mwenye ndizi aliinua mkungu mbele ya uso wa Padri akaubeba hivyo mpaka altareni. Hayo leo nawasimulia mnacheka. Lakini Koko aliomba aletewe koti lake, lile zito la mvua, akalifunga vifungo vyote hadi shingoni, na joto lote lile, akakaa hivyo misa nzima. Mama alifunika uso wa mtoto wake kwa sababu yangu mimi.

Tulipotoka Maman Présidente alinishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya sakristia. Yeye ndiye aliyekuwa amemwahidi askofu msaidizi wa mambo yote (yaani padri mkuu aliyekuja kutoka jimboni, mimi huwa nachanganya vyeo vyao) kwamba akina maman wa parokia hii hawakosei kitu.

«Maman Neema, hii ni nini tulivaa?»

Na hapa, ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema: niliigeuza nikasahau. Maneno mawili. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema: «Mimi nilitoa picha ya sawa. Labda ni kule kiwandani. Ama uulize ule mwenye kuipeleka.»

Sikutaja jina. Sikuwa na haja, alikuwa mmoja tu. Nikaona macho ya Maman Présidente yanapata mahali pa kutua, akasema taratibu: «Alikuwa na kasirani juu ulimunyanganya kazi.» Nami ningeweza kusema hapana, Papa Zihindula si mtu wa hivyo. Nikashusha mabega tu.

Kutoka sakristia hadi ukumbini ni hatua labda mia, na neno lilifika kabla yangu. Papa Zihindula alikuwa amekaa meza ya karibu na mlango, na jamaa aliyekuwa kando yake akahamisha kiti chake. Akina maman waliokuwa wanagawa chakula walipita na masufuria, bugali, samaki, nyama, maharage, wakamruka. Wakarudi mara ya pili, wakamruka tena. Mzee aliyetuchorea njia ya msalaba amekaa mbele ya sahani nyeupe tupu, anakunywa maji kidogo kidogo. Alinitazama mara moja tu. Hakukunja uso, alinitazama kama mtu anayengoja basi. Mimi nilikuwa na nyama sahanini. Nilijiambia nitamwambia Maman Présidente ukweli tukimaliza kula, kisha nikajiambia kesho kwa simu ni bora zaidi, kwa utulivu.

Basi mwenye kuongoza sherehe akachukua kipaza sauti na kutangaza kwamba sasa tunafika kwenye jambo la saba, Maman Neema na sanaa ya kisasa. Nilikuwa nimesahau. Ile programu ya kuchorea inakumbuka kila mstari unaoupiga, na ukitaka inakutengenezea filamu fupi inayoonyesha picha inavyozaliwa tangu karatasi nyeupe, na mimi umeme uliporudi nilikuwa nimeitoa ile filamu, nimeitazama mara nyingi sana (nikijitazama mimi nilivyo hodari, si kumtazama Padri), na wiki iliyotangulia nilikuwa nimempelekea papa mmoja, mwenye kushughulikia muziki, na kumsihi aionyeshe ukutani kwa projekta ili watu wajue kwamba niliichora kweli kwa mkono wangu.

Nilikimbia. Nilimwambia yule papa aache, haifai, akacheka, akaniambia «Maman, usisikie haya», akabonyeza. Nikaomba Mungu akate umeme. Nafikiri ni mimi peke yangu Bukavu nzima niliyewahi kuomba hivyo. Lakini parokia ilikuwa imekodi jenereta, jipya, halikohoi hata kidogo.

Padri akaanza kuzaliwa ukutani, mkubwa kuliko mlango. Kwanza mistari, kisha kivuli, kisha rangi, watu wakaguna kwa kupendezwa, hata wale waliokasirika, mkono umeinuliwa, wa kulia. Halafu picha ikageuka. Kushoto. Ikarudi kulia. Ukumbi ukaanza kunyamaza kuanzia mbele kuelekea nyuma. Ikageuka tena, meno yakanyooka, ikarudi. Ikageuka, ikarudi. Mwishoni kabisa ikageuka kushoto, sikio likashuka taratibu mahali pake, lile sikio zuri, na chini ya kiwiko likaanza kujiandika jina langu kwa dhahabu, herufi moja moja, linasomeka bila shida, Maman Neema. Filamu ikasimama hapo, Padri ameinua mkono wa kushoto, jina langu limenyooka chini yake. Kila mwenye akili akaelewa: kama ni kiwanda kilichoigeuza, jina lingegeuka pamoja nayo. Watu wakainama kutazama vifuani mwao, na hapo jina lilikuwa linasomeka vilevile. Lilikuwa linasomeka tangu asubuhi.

Padri Deo alisimama. Hakushika kipaza sauti, ana sauti yake. «Mukono haiko shida», akasema. «Mungu alituumba na mbili. Lakini naona hapa iko mutu moja hajapewa chakula.»

Akakaa. Nikaenda mwenyewe kuchukua kipaza sauti, kwa sababu nilijua nisipoenda sasa sitakwenda maisha yangu yote. Nikasema kwamba picha niliichora mimi, niliigeuza mimi, nilisahau mimi. Nikasema kwamba bahasha niliifunga kwa gundi mara tatu ili Papa Zihindula asiione, kwa hiyo hakuiona. Nikasema kwamba yale maneno yaliyokuwa yanazunguka ukumbini yalitoka mdomoni mwangu, nyuma ya sakristia, na kwamba niliyasema nikijua si kweli. Kisha Koko akamuuliza mjukuu wake kwa sauti yake ileile nimesema nini, mjukuu akamwambia sikioni, Koko hakusikia, akaambiwa kwa nguvu zaidi, «anasema ni yeye», Koko akauliza «yeye nani?», na ikabidi waseme tena kwa Kimashi, kwa kelele, kwamba ni mimi, yule pale, mwenye kipaza sauti, ndiye mwenye kosa. Nilisimama nikisubiri litafsiriwe mpaka mwisho. Koko akanitazama muda mrefu, akafungua kifungo kimoja cha koti.

Nilichukua sahani nikampakulia Papa Zihindula kwa mkono wangu. Akasema aksanti, akala. Wa pembeni yake akarudisha kiti. Mimi sikukaa tena mezani, nilikwenda jikoni nikaosha masufuria mpaka jioni, na hakuna aliyenizuia.

Wiki ilipita kabla sijapata miguu ya kwenda kibandani kwake. Nilimkuta amesimama mbele ya kibao cha kinyozi, brashi mkononi, amekipa mgongo kibao chenyewe, anatazama juu ya mlango ambapo amening'iniza kipande cha kioo kilichovunjika. Anakitazama kioo, anageuka, anapiga rangi kidogo, anarudi kwenye kioo. Nikasimama pale nikaelewa. Lile somo la Mwalimu Mkono, ambalo nilikuwa nimelifuata kwa wifi ya watu na daftari, mzee huyu alikuwa nalo kwenye msumari miaka yote, tena bora kuliko langu, kwa sababu kwake kinachogeuka ni kioo, picha inabaki kama ilivyo.

Nikaomba msamaha, vibaya, nikirudiarudia. Nikamuuliza kwa nini hakusema lolote ukumbini, alikuwa na habari za bahasha, na bila shaka jina langu kwenye kikwembe alikuwa ameliona.

«Niliiona kanisani», akasema, bila kuacha kupaka. «Niko musomaji wa vibao, Maman, jina ikisomeka naionaka. Nilikuwa nakungojea weye useme. Nilisema, atamaliza kula, atasema.»

Yeye akapanda kwenye kibao cha kukalia, akakitoa kile kioo msumarini, akapangusa vumbi kwa kiwiko. Mkono wake wa kulia ulikuwa wote rangi nyekundu ya yule kinyozi, kwa hiyo akaninyooshea kwa ule mwingine, akaniambia: «Chukua, mimi niko na ingine. Unisamehe, ni ya kushoto.»

Nikakipokea kwa mikono miwili.

Kipo mezani kwangu sasa, kimeegemea ukuta. Bado nachora, bado namsikiliza Mwalimu Mkono, lakini nimeapa: kitufe kile cha kugeuza sikigusi tena, na hakuna picha yangu itakayotoka nyumbani kabla sijateremka nayo mpaka kibandani, nikasimama pale mlangoni kama mwanafunzi, nikasema Papa, tazama kidogo. Na kikwembe changu nakivaa kila sikukuu ya parokia. Wengine walikwisha kushona vyao mifuko ya mito. Mimi nakivaa, na wanaotaka kunisalimia kwa mkono wa kushoto wananisalimia, nami naitikia.